Perege Waliovimba Mashavu

Jumatano, usiku

Amina, mke wa mwanangu, mgeni akikuomba nyumba si utampa na ufunguo! Leo umemleta mtu wa Mombo mpaka bwawani kwangu, na ndoo ukamshikia.

Mimi nilimshuku mapema. Aliwatazama perege wangu kabla hajanipa shikamoo. Anasema ananunua samaki wa kufugwa ndani ya kioo, matajiri wa Dar es Salaam wanakaa kuwatazama wala hawawali. Sawa. Tangu biashara iachiwe huru tunaona mengi.

Lakini alitaka majike waliovimba mashavu tu. "Hawa wagonjwa, bibi, nakuondolea wasiambukize wengine."

"Tangu lini mchuuzi akanunua ugonjwa?"

"Huruma tu, bibi."

Huruma! Nikamtoa mmoja kwenye ndoo, nikamwinamisha juu ya beseni la maji. Mdomoni wakamwagika vitoto, wadogo kama mbegu za mchicha, wana macho.

Amina akapiga kelele, "Yoo, amekula wanawe!"

"Kula nini? Si wanaogelea hao! Anawalea mdomoni."

Yule bwana akainama kufunga kamba za viatu. Angeondoka na kizazi chote, bwawa libaki maji matupu, na kitoweo cha wajukuu...

Wote nimewarudisha bwawani. Ila alisema kesho anapanda Mgwashi, na mdogo wangu Rehema ana bwawa huko, tena hajui kumkatalia mtu.

Amina, alfajiri, kabla ya chai, uende kwa Rehema. Mwambie asitoe hata jike mmoja mwenye mashavu.