Siku Niliyokatazwa Kupanda Ndege

Matemwe, Unguja

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Natumai wewe na watoto hamjambo, na kwamba Mama ameanza kula. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Simu zangu hupokei, wala sikulaumu. Ndiyo maana nampa barua hii fundi cherehani wa hapa kwetu, anayekuja Ujiji kuwaona wazee wake.

Najua yaliyosemwa msibani: maiti ya Baba imelala usiku mzima ikimngoja mwanawe wa kiume, naye eti hawezi kupanda ndege kwa sababu ametoka kuogelea. Lakini ni kweli, dada. Kazi yangu ni kuwashusha wageni kwenye ukuta wa matumbawe, huko mbele ya pwani yetu. Juu maji ni mafupi, halafu mwamba unakatika ghafla, na chini yako ni buluu tupu. Tunashuka na mitungi ya hewa mgongoni, tukiambaa na ukuta, samaki wa kila rangi wakitupisha. Hewa ile huingia mpaka kwenye damu. Ukipanda angani kabla siku haijapita, hufanya mapovu kama soda iliyotikiswa, na mtu anaweza kupooza au kufa.

Nilipotoka majini nikakuta umenipigia mara saba. Nilikimbilia Mji Mkongwe na chumvi mwilini kutafuta tiketi ya ndege ya mchana. Nahodha wetu, Mzee Haji, mtu wa Tumbatu, alinifuata akanishika mkono pale pale kwenye dirisha la tiketi.

"Wenda wapi, mwanangu? Nshakwambia tangu siku ya kwanza, ukishashuka, ndege mpaka kesho. Nikuache ukafe, mamaako azike wawili?"

Kwa boti na basi ningefika siku ya tatu. Mkazika asubuhi. Baadaye ndege zilikuwepo, nami sikupanda, kwa aibu.

Aibu yenyewe ni hii, na sijamwambia mtu. Alfajiri ile ulinitumia ujumbe: Baba amebadilika, jitayarishe. Niliwaambia sikuuona mpaka nilipotoka majini. Niliuona, dada. Niliusoma nimekaa ukingoni mwa boti, mtungi umeshafungwa mgongoni. Nilijua kabisa nikishuka sisafiri siku hiyo. Nikajiambia, Baba ameugua mara ngapi akainuka? Nilijidanganya. Niliogopa. Kule chini hakuna simu, husikii ila pumzi zako mwenyewe, na nilitaka kubaki mtu mwenye baba kwa saa moja zaidi. Nikaitia simu mkobani, nikashuka.

Kila siku nawashika mkono watu nisiowajua nikashuka nao. Kaburini kwa Baba, mahali pangu, akashuka shemeji kumpokea. Hilo linanitafuna hata nikiwa nakula.

Msomee Mama barua yote, usiruke hata neno. Nisalimie shemeji huyo, mwambie namshukuru na namwonea wivu. Msalimie na shangazi aliyemuuguza Baba, na mpwa wangu mdogo aliyekuwa akimsomea Yasini.

Nataka kuja arubaini, nioneshwe kaburi. Muulize Mama. Akikubali, nibipu tu mara moja, huna haja ya kusema nami. Mzee Haji nimeshamuaga. Kuanzia leo sishuki tena majini, ili siku utakayonibipu nipande ndege siku hiyo hiyo.

Mdogo wako anayekuomba radhi,
Ramadhani