Kaka, Nimemwambia Mama

Kaka Masanja,

Nimeandika shikamoo, nikaikata, nimeiandika tena. Basi shikamoo, kaka. Wewe bado ni mkubwa wangu, hata kama leo nakuandikia nikiwa na aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Nianze na habari za nyumbani, kwa sababu ndizo rahisi. Mvua imewahi mwaka huu. Mama amepanda mpunga kule bondeni na karanga nyuma ya nyumba. Nywele zake tulizomnyoa siku ya kuanua tanga zimeanza kuota, zinaota nyeupe. Picha za wagombea wa ule uchaguzi wa vyama vingi bado zimebandikwa kwenye ukuta wa ginneri ya pamba, jua limewafuta sura. Magari ya wazungu wanaotafuta dhahabu yanapita hapa Kahama kila siku kuelekea Geita, na vumbi lao linaingia mpaka kwenye sufuria. Mdogo wetu Maduhu sasa analala chumbani kwako. Michembe, vile viazi vitamu nilivyokukaushia, imeisha. Nilikuwa naila kidogo kidogo, najiambia nakuwekea, mpaka siku moja nikakuta kikapu kitupu.

Ulikuwa unaibeba kwenye begi la mpira pamoja na soksi, ukirudi unanipa iliyobaki. Ilikuwa inanuka jasho. Niliila hivyo hivyo, maana ilitoka mkononi kwako.

Huyo ndiye Masanja niliyekuwa namjua. Aliyenibeba kwenye baiskeli mpaka hospitali nikiwa na homa, akinisemesha njia nzima nisilale. Aliyemkanda mama miguu jioni bila kuombwa. Mtu angeniuliza kaka yako alikuwa mtu wa namna gani, ningemjibu papo hapo. Siku hizi nanyamaza kwanza.

Nilianza kunyamaza pale pale msibani kwako, kaka.

Shomari alikuja, yule winga wenu Mzaramo. Unajua mtani ana ruhusa ya kumwigiza marehemu, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Alikuta watu wameinama, mama amelala mkekani hana tena sauti. Akaingia ndani, akatoka amevaa jezi yako, kifua mbele, anatembea kwa mabega kama wewe.

"Wafiwa, nyamazeni! Kapteni kaingia! Huyu Msukuma wenu alikuwa anatafuna michembe mpaka katikati ya uwanja. Refa anapuliza kipenga, yeye anasema subiri nimeze!"

Watu wakacheka. Mama akainuka, akakaa. Nilimshukuru Shomari moyoni. Halafu akachukua kijiko kikubwa kwenye chungu cha mboga na kupiga kelele: "Mleteni ndama!" Kijana mmoja wa timu akapiga magoti, akaanza kutambaa kati ya miguu ya wenzake.

"Unaitwa nani wewe?"

"Mooo!"

"Mama yako anakuitaje?"

"Mooo!"

"Mnywesheni!" Wakammiminia maji kinywani kutoka kwenye kiatu. "Haya, mshikeni, apigwe chapa!" Shomari akambandika kile kijiko pajani na kufanya tsssss kwa meno.

Wachezaji ndio waliocheka kuliko wote. Walipigana mabega, wakaanguka. Na mimi nilicheka, kaka. Sikuelewa kitu, lakini nilicheka mpaka nikajifuta macho kwa kanga, kwa sababu ilikuwa kama umerudi.

Mtu mmoja hakucheka. Ni Elias, yule golikipa aliyechezea timu yenu kwa muda mfupi tu halafu akapotea. Aliweka sahani yake chini, akaondoka akichechemea. Nilidhani anaumwa, nikamfuata na kikombe cha maji mpaka nyuma ya zizi. Alipokea maji, hakunywa.

"Dada Kabula," aliniambia, "mimi hakikuwa kijiko."

Akapandisha suruali mpaka pajani. Sitaki kuandika nilichokiona. Ni shimo, kaka. Nyama imeingia ndani na ngozi imevutika kama mdomo wa mfuko uliofungwa kwa kamba.

Aliniambia yote akiwa anaangalia chini, kama vile yeye ndiye mwenye kosa. Kwamba kwenye chumba chenu cha kubadilishia nguo mchezaji mgeni haitwi jina lake, anaitwa ndama. Anatambaa, analia kama ng'ombe, anakunywa maji kwenye kiatu cha kapteni. Kisha wanamshika, na kapteni anachomoa jino la chuma kwenye soli ya daluga yake, kiatu cha kuchezea mpira, analipasha moto kwenye jiko la mafuta ya taa mlilokuwa mnachemshia chai, analishika kwa koleo na kumbandika pajani. Hapo ndipo anapewa jina lake. Akilia, inarudiwa.

"Nililia," alisema Elias. "Akarudia."

Kidonda kiliingia usaha. Alipokuwa hawezi tena kukimbia, nafasi yake ikachukuliwa na mwingine. Kwao Kharumwa aliwadanganya kwamba aliungulia kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na sasa ndipo anapofanya kazi, kwenye karasha.

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini umekuja kumzika?"

Akanishangaa. "Alikuwa kapteni wangu, dada."

Nilirudi kwenye msiba nikakaa karibu na mama. Shomari alikuwa bado anachekesha. Nilikumbuka daluga zako, ambazo nilikuwa nakusugulia mimi kila Jumapili kwa majani na sabuni ya kipande. Moja ilikuwa imekosa jino. Ulisema liling'okea uwanjani Shinyanga, na nilikusikitikia. Nilikwenda mpaka kwa fundi viatu sokoni kuuliza kama analo la kufanana.

Nilipanga nisimwambie mtu. Umekufa, mama ana wewe wa kwake moyoni, mimi ni nani nikamnyang'anye? Ningenyamaza hivyo mpaka nizeeke, kaka, nakuambia ukweli. Sikuwa na ujasiri wowote. Lakini wakaja kumtaka Maduhu.

Alikuja katibu wa timu na wachezaji wawili, mmoja wao Ngasa, beki wenu mzee. Mama aliwatolea viti vizuri, akawaletea uji wa karanga. Katibu akaongea kwa heshima sana.

"Mama Masanja, tumekaa kama timu. Jezi ya marehemu hatutaki ivaliwe na mtu wa nje. Tunamwomba Maduhu. Na tutampokea vile vile kaka yake alivyokuwa anawapokea wenzake. Kwa hiyo tulikuwa tunaomba na zile daluga zake, tumpokee kwa hizo hizo. Iwe heshima kwa marehemu."

"Wabeja," mama akashukuru, "wabeja sana, wanangu." Machozi yakamtoka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulia kwa furaha tangu tukuzike. Akanigeukia: "Kabula, kalete viatu vya kaka yako."

Niliingia ndani. Maduhu alinifuata, anang'aa uso mzima. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama anajua watamfanya nini. Anajua! Alinijibu kama mtu anayezungumzia kipaimara: "Kila mtu anapitia, dada. Ni sekunde moja tu. Nisipopigwa chapa nitakuwa mgeni miaka yote. Na itakuwa kwa daluga ya kaka mwenyewe, si ya mtu mwingine."

Kaka, alikuwa amevaa bukta yako kuukuu. Mapaja yake bado ni ya mtoto, yana alama za mbu tu.

Nilisimama mbele ya zile daluga nyuma ya mlango. Nikawa kama nakusikia ukisema, Kabula, usinifanyie hivi mbele ya mama. Nilikuomba msamaha hapo hapo, kwa sauti. Maduhu akadhani naongea naye.

Nikatoka mikono mitupu. Nikapiga magoti mbele ya mama, na nikasema kwa Kisukuma, makusudi, ili asipitwe na neno hata moja. Nilisema ndama. Nilisema maji ya kwenye kiatu. Nilisema jino la chuma na jiko la mafuta, na paja la Elias nililoliona kwa macho yangu. Nikadhani nimemaliza, kumbe jina lako nilikuwa bado sijalitaja. Nikalitaja.

Katibu akaweka bakuli chini. "Dada, mambo ya chumba cha wachezaji hayatoki nje. Ni utani wa vijana. Unamdhalilisha marehemu."

Mwenzake Ngasa alicheka kidogo, akaacha alipoona hakuna anayecheka naye.

Kuku walikuwa wanadonoa karanga miguuni pa mama na hakuwafukuza. Kisha akaniuliza mimi, si wao: "Aliwachoma yeye? Kwa mkono wake?"

"Ndiyo, mama."

Akamgeukia Ngasa, ambaye anamfahamu tangu mnacheza wote bila viatu. "Na yeye mwanangu, walimchoma?"

Ngasa aliinamisha kichwa. "Ndiyo, mama. Mimi ndiye niliyemshika mikono."

Sikulijua hilo, kaka. Wala mama hakulijua. Mama alikuogesha ukiwa mtoto, lakini ulipokufa waliokuosha ni wanaume, na hakuna aliyetuambia. Nilitaka kulia kwa ajili yako na sikuweza, maana paja la Elias lilikuwa bado machoni pangu. Nilikuonea huruma na kukuonea aibu kwa wakati mmoja, na hata sasa vyote viwili vipo, kimoja hakikitoi kingine.

Mama alisimama. Unamjua, hana sauti kubwa. "Mkimtaka Maduhu acheze, mchukueni na ngozi yake ilivyo. Viatu havitoki."

Waliondoka bila kumaliza uji. Maduhu hawajamwita tena mpaka leo.

Hanisemeshi. Neno la mwisho aliloniambia ni kwamba umekufa mara moja, mimi nimekuua mara ya pili. Chakula nikipakua mimi, hali. Anachukua chake mwenyewe chunguni kama mpangaji. Jioni anakwenda uwanjani, anasimama nyuma ya goli anawarudishia mipira inayotoka nje, na wao wanaipokea bila kumtazama. Namwona kutoka barabarani nikitoka kisimani. Sijui kama nimemwokoa au nimemnyima kitu. Ngozi yake ni nzima. Hilo ndilo pekee ninalolijua kwa hakika.

Mama naye hakulitaja jina lako siku nyingi. Alikuwa anakuita "yule". Yule alipenda maziwa ya mgando. Yule alichimba kile choo. Nikawa nasema moyoni, Kabula, umeona ulichofanya? Juzi tukiwa tunabangua karanga akasimamisha mikono.

"Ng'wanone," akaniambia, mwanangu, "huyo Elias ana mama?"

Nikasema anaye.

"Alimwambia ni karasha?"

"Ndiyo, alimwambia ni karasha."

"Basi mama yake hajawahi kumlilia inavyotakiwa."

Akaendelea kubangua. Baadaye akaniambia nimkamate yule jogoo mwekundu na kumfunga miguu, na karanga nizitie kwenye kikapu kizuri. Nikamwambia, mama, Elias hataki watu wajue, ana aibu. Akasema hatuendi kwa watu, tunakwenda kwa Elias. Akitaka mama yake asikie, atamwita mwenyewe, na asipotaka tutakuwa tumekuja kusalimu tu. Mimi ndiye nitakayesema. Kiswahili chake hakitoshi, amesema, na kwa Kisukuma atalia.

Kwa hiyo kesho asubuhi tunapanda gari la Kharumwa. Jogoo yuko hapa chini ya meza ninapoandikia, ananidonoa kidole cha mguu. Daluga zako mama amezifukia leo nyuma ya nyumba. Maduhu alitazama kwa mbali, hakuja kusaidia, lakini hakuondoka.

Nimejaribu kupanga maneno, kaka. Mwanzoni nilipanga kusema hakuwa na nia mbaya, alikuwa mtu mwema nyumbani, alinibeba kwenye baiskeli. Nimeyaondoa yote hayo. Ni yangu mimi, Elias hayamsaidii. Nakuahidi kitu kimoja na usinikasirikie: kesho sitakutetea. Akiniuliza kama ulijua inavyouma, nitamwambia ulijua, kwa sababu na wewe ulichomwa. Nitamwambia ulijua na ukafanya. Kisha nitanyamaza ili aseme yeye, kwa muda wote atakaoutaka.

Kwaheri, kaka. Nikirudi nitapitia kaburini kung'oa majani, yameota sana kwa mvua hii. Nitakung'olea kama kawaida. Hilo nalo nakuahidi.

Mdogo wako,
Kabula