Rinda la Matanga Halifungiki

Masafu, Busia,
9 Juni 2024.

Mpendwa dada yangu Loice,

Nisamehe kwa kukaa kimya miezi minne tangu tumzike Okware. Ulipiga, sikushika. Simu ya hapa inasikika nyumba nzima, na haya si ya nyumba nzima. U hali gani huko Mombasa? Mgongo umepoa? Sisi tunapumua. Maggie ameota meno mawili, anauma kila kitu, hata mimi.

Dada, watu wanajua mume wangu aliuawa na kifua. Ni kweli, lakini kifua kilifunguliwa mlango. Zile dawa zetu za virusi, tatu ndani ya kidonge kimoja, tulizianza siku moja. Zikampa kizunguzungu na kichefuchefu. Akasoma ile karatasi ya madhara kana kwamba ni ratiba: leo kichwa, kesho usingizi, kisha ini. Nikamwambia, "Baba Maggie, wameandika *huenda*." Akacheka, yeye mbeba magunia: "Huenda haibebi gunia mpakani." Akaacha bila kumwambia nesi. Mimi nilijua, nikanyamaza nikidhani atazirudia. Hilo ndilo linanila.

Mimi kizunguzungu kiliisha baada ya siku kumi. Sasa nimenenepa. Nesi anasema huenda ni dawa, atanipima pia sukari. Lakini mama mkwe hajui habari za dawa. Juzi mbele ya wageni akasema, "Wenzako hulia wakakonda, wewe matanga yamekukubali!" Wakacheka. Nikainama nikaosha vikombe. Rinda jeusi halifungiki tena, nimelishika kwa pini.

Sasa wewe. Carol wetu ameniambia umeacha zako tangu Pasaka, kwa ajili ya unene na kukosa usingizi. Dada, umenilea, lakini leo nakusemesha kama mtoto: rudi kliniki. Waambie kila kitu. Saa ya kumeza hubadilishwa, hata dawa yenyewe hubadilishwa. Usijiamulie peke yako kama Okware. Kuzika nimejua, sitaki kuzoea.

Nisalimie shemeji Chrispinus na Griffins. Mungu akulaze na akuamshe.

Ninachohitaji bado: kitambaa cheusi mita moja, cha kuongeza ubavuni. Zipu ndefu. Sabuni ya upele ya Maggie. Na mwezi ukiisha, kopo lako la dawa likiwa tupu. Usimwage vidonge chooni, nakujua. Bandua jina, nitatia punje za mahindi, Maggie alitikise.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,
Akiror