Moyo ya Baba Ilikosa Mwendo

Kashikishi, 1974

Yaya Fabien,

Chisense, samaki yetu ile ya kidogo-kidogo, inakauka muzuri, na mutoto wangu Mwaba ameanza kutembea.

Baba alipata homa ya mapafu. Moyo yake ikapiga kama muvuvi mulevi mwenye kuchapa mayi kufukuzia samaki ku nyavu: mara mbiombio, mara kimya. Munganga alimuambia abakie ku kitanda, juu moyo ikipiga vile damu inaweza kuganda na kupanda ku kichwa. Lakini wakati homa iliisha, Baba alisema, "Nimepona," akarudia ku mutumbwi. Fimbo ya kuchapia mayi ikamutoka mu mukono, kinywa ikapinda.

Sasa kila mutu mwenye kuingia, Baba anamuita Fabien. Mambo ya zamani ya weye na Baba siulizi. Shiye bote tunaitika. Kuya, yaya, uitike weye mwenyewe.

Dada yako,
Germaine