Springi za Kiunga

Igoki, Munyi wako asipande gari ya Kiunga leo!

Ile gari ya sports ya zamani ya marehemu mume wangu, huyu mwanangu ameiwekea springi za mtumba kutoka maduka ya spea ya Majimbo. Alizisimamisha chini kando ya zile kuukuu, urefu ukalingana, akaniambia, "Mathe, ni sawa kabisa."

Sawa kabisa! Unene wa chuma hakuangalia.

Tulipokata kona springi zikalala, gari ikainamia upande wangu. Kona ileile iliyomuua baba yake. Nikajisikia nikimwita mume wangu kwa jina. Kwa sauti, Igoki.

Kiunga akacheka. "Mathe, nitabana vipande vya mpira katikati ya springi, itasimama."

Amevibana, ametoka tena. Amesema anampitia Munyi. Simu hashiki.

Simama kwa geti.