Taa ya Kushoto

Karak,
Jumatatu, 9 Shaabani

Kwa kaka yangu mpenzi Dhaifallah,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu Tamadhur, pamoja na wale watundu wawili wanaonijua kwa sauti ya simu tu. Huku kwetu hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Juzi amemwambia daktari kwamba kama dawa ni kutembea, basi aende akatembee yeye. Mimi mgonjwa wenu nimeshaacha gongo moja, limebaki moja. Mbavu zimeunga. Nikicheka zinauma kidogo, na kwa mama yetu huyu utaacha vipi kucheka?

Najua utashangaa, barua katika zama hizi za nini. Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi nikamaliza. Tangu tukiwa wadogo ukipandisha sauti mimi naufyata, na haya ninayotaka kukwambia hayataki mtu wa kuufyata. Barua hii anaichukua mume wa mwalimu mwenzangu Khitam, anayekuja huko kwenu Salalah Alhamisi. Isome ukiwa umekaa, na tafadhali usimpigie ami Naif kabla hujafika mwisho.

Kwanza nimshukuru Mungu, maana shukrani zangu ni nyingi na sijawahi kuzitoa sawasawa. Wewe ulikuja ukanikuta wodini na mipira puani, ukakaa siku nne, ukarudi kazini. Hukuiona gari. Ami Naif alinipeleka kuitazama mwezi uliopita, pale uani kwa polisi, na nilipoiona niliomba kiti. Upande wa abiria haupo. Umekutana na kiti changu mimi, na kati ya hapo na usukani imebaki nafasi ambayo mama hawezi kupitisha sinia lake la wali wa maklubeh. Askari aliyekuwa zamu alinitazama, akaitazama gari, akaniuliza kama ni mimi kweli niliyekuwamo au ndugu yangu. Nikamwambia ni mimi, akasema alhamdulillahi mara tatu, na mtu mwenyewe hanijui.

Nashukuru madaktari walionitoa wengu bila kunitoa roho. Nashukuru wanafunzi wangu wa kule bondeni Ghor Safi, walioniletea nyanya za mashambani kwao sanduku zima, kana kwamba damu iliyopotea itarudishwa kwa nyanya. Na zaidi ya wote namshukuru mtu ambaye wewe hutaki kulisikia jina lake. Leo utalisikia, kaka, uniwie radhi.

Wewe unalijua lile unaloambiwa na watu: kwamba Faleh, dereva wa lori la potashi, alishindwa na tela lake kwenye barabara ya Ghor asubuhi ile, likazunguka likanipiga ubavuni. Unajua kwamba watu wake walikuja kwetu siku ya pili, wazee arubaini, wakakaa kwa ami Naif, wakakiri kosa mbele ya wanaume wote, wakaomba atwa, ule muda wa amani, ya miezi mitatu ili damu zipoe. Muda huo unakwisha mwisho wa mwezi huu. Unasema utakuja wewe mwenyewe, ukiwa mkubwa wa nyumba yetu, wakirudi kuomba suluhu uwaambie hakuna. Umeapa. Lori lake liko polisi, leseni yake imechukuliwa, na bila mkono wako wa suluhu faili lake halifungwi. Ana watoto watano na kazi nyingine haijui.

Lakini kuna yasiyokufikia. Pale mchangani, lori lilipolala ubavu, Faleh alitokea dirishani na mfupa wa bega umevunjika. Petroli ilikuwa inavuja kwangu, naisikia harufu mpaka leo nikipita kituo cha mafuta. Alinitoa kwa mkono mmoja. Kilemba changu kilikuwa kimebaki kwenye vyuma, na nilipokuwa chini pale alivua shumagh yake, kitambaa chake cha kichwani, akageuza uso upande wa milimani, akanifunika nayo kichwa bila kutazama. Mtu bega limevunjika, kaka, anafikiria stara yangu. Ilipokuja gari ya wagonjwa alikataa kupanda mpaka mimi nipandishwe kwanza.

Mke wake, Mama Sakhr, alikuja hospitali siku kumi na tisa mfululizo. Alileta chupa ya supu ya dengu, akaketi, akanisukia nywele, akaondoka. Mama mwanzoni alikuwa hamjibu salamu. Siku ya tatu akamwambia supu yake haina chumvi. Mama Sakhr akajibu kwamba chumvi ameibakisha nyumbani makusudi, maana ya ulimi wa mama inatosha wodi nzima. Nilidhani patawaka. Mama alicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Tangu siku ile wakawa wanakunywa chai pamoja kando ya kitanda changu na kuwasema wagonjwa wenzangu. Hakuniomba kitu hata siku moja, wala hakunitajia leseni ya mumewe, na kila alipofunga mlango nilikuwa nageukia ukutani.

Utasema nilikuwa nageukia ukutani kwa nini, na mimi ndiye niliyegongwa. Basi nakwambia.

Wewe umeendesha barabara zetu miaka mingi, taa za malori unazijua kuliko mimi. Dereva wa mbele akiwasha ya kulia, njia nyeupe, pita. Akiwasha ya kushoto, tulia nyuma yangu, kuna kitu kinakuja. Hatukufundishwa na mtu wa leseni, lakini kila mtu hapa anaisoma. Isipokuwa mimi. Miaka sita nashuka Ghor kila asubuhi peke yangu, na madereva wale wakimwona mwanamke kwenye usukani wanapiga honi, wanawasha taa za sherehe, mmoja aliwahi kunipungia mkate. Nikajiwekea sheria: taa zao sizisomi. Nilijisifu kwayo mbele ya walimu wenzangu, tukicheka kwenye chumba cha walimu, kwamba kwangu mimi lori ni ukuta tu wenye magurudumu.

Asubuhi ile Faleh alikuwa mbele yangu, amebeba mzigo, anakwenda polepole. Aliwasha ya kushoto. Niliiona vizuri sana. Ilikuwa inawaka na kuzima, na mimi nikasema moyoni, huyu naye kaanza. Nikasogea kati ya barabara. Akapiga honi. Akatoa mkono dirishani akawa anaushusha, tulia, tulia, na mimi nikaona mwanamume ananiamrisha. Nikasema leo utanikoma, nikakanyaga mafuta. Sikuwa nimechelewa hata dakika moja, kaka. Kipindi changu cha kwanza siku ile kilikuwa cha tatu.

Lori lililokuwa linatoka Akaba lilikuwa karibu kiasi kwamba nilisoma maneno yaliyoandikwa juu ya kioo chake. Sikuwa na pa kwenda. Kushoto mtaro, kulia yeye, mbele kifo. Faleh ndiye aliyenitengenezea pa kwenda. Alilitupa lori lake lote nje ya barabara, na mzigo wake, kwenye mchanga, ili mimi nipate pale alipokuwa yeye. Nikaingia. Lile la mbele likapita salama na kwenda zake, sidhani dereva wake anajua mpaka leo kilichotokea nyuma yake. Ndipo tela likakatika mchangani, likazunguka, likanifika. Angekaza usukani wake akaendelea na safari, yeye angefika Akaba mzima na bega lake, nanyi mngenikusanya kwa koleo.

Askari walipokuja kuandika maelezo yangu nilisema sikumbuki. Daktari akawaambia ni mtikiso wa ubongo, ni kawaida, wasinisumbue. Kila mtu alinihurumia. Wewe ulinishika mkono ukaniambia ni bora nisikumbuke. Nakumbuka yote. Sijawahi kusahau hata honi. Nilisema sikumbuki kwa sababu nilisikia aibu, na siku ya pili watu wake walikuwa wameshakiri, na kila siku iliyopita uongo wangu ulizidi kuwa mzito wa kuinua. Nimefundisha watoto hisabati miaka kumi na minne nikiwaambia waonyeshe njia, wasiniletee jibu tupu. Mimi niliiletea serikali na ukoo jibu tupu.

Jumamosi iliyopita nilimwambia ami Naif anipeleke kwa Faleh, nikamdanganya kuwa nakwenda kumshukuru Mama Sakhr. Aliniacha mlangoni akaenda msikitini. Nilipokelewa vizuri mno. Nikaketi kwenye godoro na mguu wangu mbele kama ubao, na Mama Sakhr akanimiminia kahawa. Nikaipokea, nikaiweka chini, sikuigusa. Unajua maana yake, mgeni mwenye haja hanywi mpaka mwenye nyumba aseme haja yake imepita. Lakini hayo ni mambo ya wanaume na mabaraza yao. Mama Sakhr alikiangalia kikombe, akaniangalia mimi, akaniuliza kama kahawa imeingia mdudu. Nikamwambia amwite mumewe.

Faleh alikuja, mkono bado kwenye kitambaa, akakaa mbali karibu na mlango. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza akiangalia mkeka. Nilipomaliza akasema hayo yote anayajua, mwalimu, yeye ndiye aliyekuwa anaiwasha hiyo taa. Nikamwuliza kwa nini basi aliwaambia polisi kuwa tela lilimshinda. Akasema pale hospitali alimsikia daktari anasema mimi sitafika asubuhi. Yeye na bega lake, amekaa kwenye benchi, anaona mama yetu analetwa kashikwa huku na huku. Akajiuliza, nimwambie mama huyu kwamba binti yake kajiua kwa ukaidi? Akaona bora mama achukie dereva wa lori, dereva wa lori kazoea kuchukiwa. Na mimi nilipopona, akasema, wazee wao walikuwa wameshakiri mbele ya wazee wetu, na neno la wazee arubaini halitapikwi. Akaongeza kwamba alijua iko siku nitasema. Mama Sakhr akamkata palepale, akasema mwongo, hukujua lolote, kila usiku ulikuwa unalala unamtukana. Tukacheka wote watatu, na mbavu zangu zikanikumbusha zilipo.

Kisha akaniambia: kunywa kahawa yako, mwalimu, haja yako imepita.

Kaka, nilikataa. Nilimwambia nimesamehewa na watu wawili chumbani, na yeye aliaibishwa mbele ya wanaume themanini, wao arubaini na sisi arubaini. Hesabu hiyo haikai. Nikainuka na gongo langu, kikombe nikakiacha kimejaa pale chini.

Nilipotoka nilimwambia ami Naif yote, garini. Alisimamisha gari, akashuka, akatembea mpaka kwenye ukuta wa nyumba ya watu, akarudi. Alisema kitu kimoja, kwamba baba yetu angenipiga kofi kisha angenibeba mgongoni kunirudisha pale. Jana tumekwenda polisi nimebadilisha maelezo. Afisa aliniuliza kumbukumbu imerudi lini, nikamjibu haikwenda mahali. Leseni yangu wameichukua, na kesi sasa ni yangu. Nimetulia, wallahi. Nimelala usingizi ambao sijalala tangu ajali.

Sasa jambo ninalokuomba. Ile safari yako ya mwisho wa mwezi usiivunje. Umeapa hutampa Faleh suluhu, na kiapo chako hakitavunjika, maana sisi hatuna suluhu ya kutoa. Sisi ndio waombaji. Ami Naif ameshaanza kuwaita wazee, lakini wakienda bila kaka yangu wa kuzaliwa, watu watasema mkubwa wa nyumba amekataa, na aibu ile itabaki palepale juu ya bega la Faleh. Njoo uwatangulie. Uingie kwake kichwa kimeinama, kaka, wewe ambaye hukuinamia hata mkuu wa shule. Useme kwa sauti, mbele ya watu wake wote, kwamba kosa ni la nyumba yetu. Najua ninachokuomba. Ningeweza kukibeba mwenyewe ningekibeba, lakini desturi yetu imekiweka kwako. Ukija, nitafurahi mpaka nife. Usipokuja nitakwenda na wazee mimi mwenyewe, mwanamke na gongo, na waseme watakalosema.

Mama anakusalimu sana. Hajui kusoma lakini anajua kilichomo. Nilimwambia jana, akaamka akaenda kwa Mama Sakhr na mfuko wa chumvi. Nisalimie wifi yangu, niwabusie watoto, na waambie shangazi yao ni mzima kwa sababu kuna mtu aligeuza usukani.

Kahawa yangu iko kwa Faleh, inakungoja wewe.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Rudeina