Ganesha Hakai wa Pili

Bengaluru, tarehe 4 Oktoba. Mwezi wa kumi na moja tangu niondoke nyumbani.

Kwa Kaka Jhankar,

Nawainamia miguuni kwa heshima, wewe na shemeji. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na mgongo wako umepata nafuu. Je, yule nyati wetu wa maziwa amezaa? Mimi mwili mzima, kichwa ndicho kimechoka. Barua nampa Karna wa hapo jirani kwa kuwa anatangulia kurudi nyumbani. Kwa simu siwezi kueleza haya, mtandao wa huko hukatika kabla sijamaliza salamu.

Najua unachouliza kwanza: je, nitawahi ibada ya mwaka wa Mama? Ya Baba ulifanya wewe kwa kuwa ndiwe mkubwa. Ya Mama ni ya kitindamimba, na nisipokuja hakuna mkono mwingine. Nguo nyeupe za msiba sijaziacha na maziwa sijagusa. Kahawa ya ofisini yote ni ya maziwa, basi mimi nakunywa maji ya moto, na wenzangu husema Bahadur anakunywa supu ya mawe. Bahadur ndilo jina wanalotupa walinzi wote tunaotoka ng'ambo ya mpaka, nami limeniganda hata baada ya kutolewa getini na kuwekwa kwenye kompyuta.

Kilichonishika ni kazi. Bosi wangu, Bwana Puttaswamy, alisema ruhusa ipo, ila niondoke tovuti ya ukumbi wa harusi ikiwa imeshafunguliwa. Kuhani wa mwenye ukumbi alikuwa amekwisha kuchagua Ijumaa asubuhi kuwa saa njema. Ikipita hiyo, nyingine ni baada ya wiki tatu, na mwaka wa Mama utakuwa umepita.

Nikueleze kidogo. Kurasa za tovuti zetu hutengenezwa zote mapema, zikakaa tayari kama roti zilizokwisha kuchomwa. Mgeni akiomba anapewa, hakuna anayekanda unga mbele yake. Vinavyotembea ndani ya ukurasa, kama kalenda na picha za ukumbi, vinaendeshwa na mafaili ya JavaScript. Zamani tuliyatuma moja moja. Safari hii Bwana Puttaswamy alimwahidi mwenye ukumbi kwamba ukurasa utafunguka upesi hata kwenye simu za bei rahisi, kwa hiyo yote yafungwe furushi moja. Kazi ya kufunga nikapewa mimi, niliyeishia darasa la saba.

Kaka, furushi hilo limenitesa. Nikilifunga, ukurasa unakuja umekufa. Kalenda haifunguki, picha hazigeuki. Nikilifungua, kalenda na picha zinafanya kazi kama hakijatokea kitu. Nilifunga na kufungua wiki nzima mpaka nikawa nayaota mafaili. Bwana Puttaswamy alipita nyuma ya kiti changu akauliza kama nafunga mafaili au nafunga ndoa, maana ndoa ingekuwa imeshafungwa.

Aliyeona kasoro ni Shobha, binti aliyesoma chuo, amesimama nyuma yangu na kikombe chake. Akasema, tazama nani yuko mbele. Mbele alikuwa mungu Ganesha, na kichwa chake cha tembo. Hapa hakuna jambo linaloanza bila yeye, na bosi ana faili linalochora sura yake juu ya kila ukurasa, nalo lazima liwe la kwanza kwenye orodha. Lakini kuchora kunahitaji vifaa, na vifaa vimo kwenye faili la pili. Kwa hiyo Ganesha anafika mikono mitupu, anaanguka. Zamani alianguka peke yake na sura ikakosekana, hakuna aliyejali sana. Ndani ya furushi wote wako foleni moja. Wa kwanza akianguka, wa nyuma hawasogei.

Dawa ni kumsogeza nafasi moja nyuma. Nikaenda kwa bosi. Akaniuliza kama nimewahi kuona kadi ya harusi ambayo Ganesha ni wa pili. Nikasema sijaona. Akasema basi tafuta njia nyingine. Nikamfungia Ganesha vifaa vyake ndani ya faili lake. Vifaa vikawa seti mbili, na kalenda ikawa inafunguka mara mbili. Nikamwomba Shobha asogeze yeye. Akacheka, akasema dada yake anaolewa Novemba, hataki kuwa ndiye aliyemrudisha mungu nyuma. Halafu akaacha kucheka, akaniambia na wewe Bahadur usithubutu, uko kwenye msiba.

Kaka, nimethubutu. Alhamisi walipoteremka kula, nilikata mstari wa Ganesha nikaubandika chini ya ule wa vifaa. Sikuomba kwanza, sikunawa mikono. Nikafunga furushi, na kila kitu kikatembea. Ijumaa mwenye ukumbi alipasua nazi ya baraka, akaona Ganesha anatokea juu ya ukurasa, akafurahi. Bwana Puttaswamy aliniuliza nimefanya nini. Nikasema nimepanga upya. Aliziangalia nguo zangu, akaiangalia kompyuta, akauliza treni yangu ni saa ngapi.

Sasa sina raha. Mtu wa msiba haruhusiwi hata kuwasha taa ya mungu, mimi nimemshika nikamweka nyuma ili nipate ruhusa. Muulize kuhani wetu kama mikono hii bado inaweza kumfanyia Mama ibada. Akitaka ng'ombe, nyuzi takatifu au maji ya mto ya kunitakasa, mwandalie, gharama ni zangu. Lakini akisema haifai kabisa, usinipigie nikiwa njiani. Niambie nikiwa nimeshaingia ndani kwa Mama nikakaa.

Nisalimie watoto, na mama yake Karna. Mwambie mwanawe anakula vizuri, anajifanya tu amekonda.

Natoka hapa Jumapili kwa treni ya Delhi, na kutoka mpakani nitapanda basi. Alhamisi jioni nitakuwa uani kwetu.

Mdogo wako,
Lokendra Saud